Je, wajua kwa nini utani uleule humchekesha mtu Newala na kumuudhi Dar es Salaam?

Mwambie mtu wa Newala au Masasi, "Leo kwenu mnapika samaki nchanga?" Anaweza kucheka mpaka machozi yamtoke, au akakunja uso. Samaki nchanga ni panya wa shambani, kitoweo cha baadhi ya familia za Mtwara tangu enzi za mababu, na watu wa mikoa mingine wamekigeuza dhihaka ya kuwabandika watu wote wa kusini. Maneno hayabadiliki. Anayeyasema ndiye hubadilika.

Akiyasema mtani, yaani mtu wa kabila au ukoo wenye desturi ya kutaniana na wako, hakuna neno. Nguvu ya utani huonekana zaidi msibani: mtani huigiza mwendo wa marehemu, huvaa kofia yake, hulizuia jeneza mpaka apewe chochote, na wafiwa wanacheka huku wanalia. Asiye mtani akithubutu hayo atatimuliwa. Mwanaanthropolojia Mwingereza A. R. Radcliffe-Brown alieleza mwaka 1940 kwamba katika uhusiano wa namna hii mtu anaruhusiwa, pengine hata analazimika, kumtania mwenzake, na mwenzake hatakiwi kukasirika. Ruhusa hiyo hutolewa na jamii nzima. Mtu hajipi mwenyewe.

Lakini kwa nini kundi letu liamue lini tucheke na lini tuudhike? Kwa sababu heshima yake tunaihesabu kuwa yetu. Wala kundi halihitaji historia ndefu. Mwaka 1971 mwanasaikolojia Henri Tajfel na wenzake walichapisha majaribio ya wavulana wa shule huko Bristol, Uingereza. Wavulana waliambiwa wamegawanywa kwa mchoraji waliyempenda, Klee au Kandinsky, kumbe waligawanywa kwa bahati nasibu tu. Walipopewa fedha za kugawa, waliwapendelea wa kundi lao bila kuwajua ni akina nani.

Ndiyo maana pale uwanja wa mpira wa Nangwanda Sijaona, Mtwara, shabiki wa Yanga hununa akiitwa utopolo, huku yeye akiwaita wa Simba makolo na kuona ni mzaha wa kawaida. Hata hivyo hao wanarushiana sawa kwa sawa. Kijana wa Newala aliye peke yake bwenini Dar es Salaam hana wa kumjibia, na mara nyingi hucheka pamoja na wanaomcheka ili asitengwe. Wenzake huchukulia kicheko hicho kuwa ni ridhaa, nao huendelea.