Ushahidi wa athari za kipigo cha nyumbani: maana yake mahakamani

Mwanamke anashtakiwa kwa kumuua mwanamume aliyempiga kwa miaka. Wakili wake anamwita mtaalamu wa akili aieleze mahakama jinsi kipigo cha mara kwa mara kinavyomfanya mtu aione hatari. Ushahidi huo haumpi aliyepigwa ruhusa ya kuua. Unaisaidia mahakama kujibu swali lilelile la kujihami: je, aliamini maisha yake yamo hatarini, na imani hiyo ilikuwa na msingi?

Mfano maarufu ni kesi ya Lavallee, Kanada. Mwaka 1986, nyumbani kukiwa na wageni, mwanamume aliyeishi na Lavallee na kumpiga alimtishia mwanamke huyo kwamba wakishaondoka atamwonyesha, akampa bunduki na kumwambia ama amuue yeye, ama auawe. Mwanamume alipogeuka kutoka chumbani, Lavallee akampiga risasi ya kisogoni. Kwa mazoea ya sheria, utetezi ulikuwa umekwisha, maana aliyekupa kisogo hakushambulii. Lakini daktari wa akili alieleza kwamba anayeishi na mpigaji huzisoma ishara ambazo mgeni hazioni, na kwamba woga na kujiona hana thamani humfunga asiondoke. Juri, yaani raia wa kawaida wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia, ikamwachia. Mahakama ya rufaa ikatengua, kisha mwaka 1990 Mahakama ya Juu ikarudisha uamuzi wa juri. Jaji Bertha Wilson aliona kwamba kipimo cha zamani kilitokana na ugomvi wa baa, wanaume wawili wenye nguvu zinazokaribiana.

Kwetu kuna kikwazo kingine. Sheria za adhabu za Kenya na Tanzania, zilizorithiwa kwa Mwingereza, hushusha kosa la mauaji kuwa kuua bila kukusudia pale mtu alipochokozwa akatenda kwa hasira ya ghafla, kabla haijapoa. Aliyengoja mume alale anaonekana alipanga. Uingereza yenyewe iliondoa sharti hilo la ughafla kwa sheria ya mwaka 2009. Hata hivyo, ushahidi huu unaweza pia kutumika baada ya hatia, katika kuomba adhabu nafuu.

Mimi jina linalopewa athari hizi, "sindromu (yaani mkusanyiko wa dalili za ugonjwa) ya mwanamke anayepigwa", lililoenezwa na mwanasaikolojia Lenore Walker wa Marekani tangu 1979, linanitia shaka. Linamfanya mwenye woga ulio na msingi aonekane mgonjwa. Na mwenye kipato chake, aliyewahi kurudisha kofi, juri yaweza kumwona si mnyonge wa kutosha. Majaji wawili wa Kanada walilionya hilo mwaka 1998 katika kesi nyingine ya namna hii, ya Malott.