"Ajali haina kinga" na dhana nyingine zinazoumiza watu kazini

Kibarua akianguka kutoka jukwaani, hata hajafikishwa hospitali utasikia mtu akisema: ajali haina kinga. Msibani maneno hayo yana nafasi yake, yanafariji. Saitini yana hatari, kwa sababu yakishatamkwa hakuna anayeuliza tena ilikuwaje.

Ukweli ni kwamba jukwaa halimwangushi mtu ghafla. Mirunda ilifungwa kwa kamba iliyochakaa. Ubao mmoja ulitolewa juzi kwenda kushikilia zege upande wa pili, haukurudishwa. Saidia fundi anayepandisha ndoo akawa anaruka lile pengo kila akipita, na wenzake wakazoea kuliruka. Mpaka siku mvua ilipolowesha mbao. Yote hayo yalikuwa na kinga, tena ya bei ndogo: ubao na misumari michache.

Dhana: "Hatujapata ajali miaka yote, kwa hiyo tuko salama."

Hii ndiyo inayowapofusha zaidi wakubwa wa kazi. Tarehe 20 Aprili 2010, viongozi wa kampuni za BP na Transocean walikuwa juu ya mtambo wa kuchimba mafuta wa Deepwater Horizon, Ghuba ya Mexico. Sehemu ya ziara yao ilikuwa kuwapongeza wafanyakazi kwa miaka saba bila ajali ya kumfanya mtu akose kazi. Siku hiyohiyo kipimo cha presha ya kisima kilionyesha kasoro, ikaelezewa mpaka ikaonekana si kitu. Usiku mtambo ukalipuka na watu 11 wakafa.

Ile rekodi ilihesabu watu walioteleza na vidole vilivyobanwa. Haikuwa na la kusema kuhusu kisima.

Na mara nyingi rekodi safi maana yake ni kwamba watu wamenyamaza. Tofali likidondoka hatua moja kutoka kwa mtu, wenzake watacheka, watampa pole, kazi itaendelea. Nani atakwenda kumwambia msimamizi ambaye jibu lake linajulikana: "Kama unaogopa nenda nyumbani, getini wapo wanaotaka kazi"? Ukiongeza na zawadi ya mwisho wa mwezi kwa kikosi kisicho na ajali, hata aliyekatwa na nondo atafunga kitambaa na kunyamaza ili asiwakoseshe wenzake. Kwangu mimi, kipimo cha kwanza cha utamaduni wa usalama ni hiki: mtu aliyeleta habari mbaya jana anatendewaje leo?

Dhana: "Tumewapa vifaa kinga, yetu tumemaliza."

Kofia ngumu, buti na barakoa ni za lazima, lakini ndizo ngao ya mwisho. Kwanza unaondoa kihatarishi chenyewe. Ukishindwa, unakipunguza au unakitenga na watu. Mtazame fundi anayekata zege kwa grainda kavukavu, vumbi limemfunika mpaka kope. Vumbi hilo laini lina madini ya silika, ambayo huingia ndani kabisa ya mapafu na kuyatia makovu yasiyoondoka. Barakoa ya kitambaa haimsaidii kitu. Mashine inayotiririsha maji wakati wa kukata hulituliza vumbi pale linapotokea.

Hapa ndipo wengi hukosea hesabu, wakidhani usalama ni habari ya kuanguka na kuvunjika. Kwa makadirio ya Shirika la Kazi Duniani yaliyotolewa 2023, kazi huua karibu watu milioni 3 kila mwaka, na kati yao milioni 2.6 huuawa na magonjwa. Ajali ni takriban 330,000.

Dhana: "Hiyo ni kazi ya afisa usalama."

Afisa mmoja hawezi kuwa kila ghorofa. Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya wanne ateue mwakilishi wa usalama na afya. Anayefaa ni yule ambaye mafundi humwambia ukweli, si mpwa wa bosi.

Dhana: "Buti ni zako, lazima ukatwe mshahara."

Hapana. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1981, unasema hatua za usalama na afya hazitamgharimu mfanyakazi chochote.