Marekebisho stahiki kazini: mwajiri anadaiwa nini hasa?

Matangazo mengi ya kazi siku hizi huishia na mstari uleule: "Watu wenye ulemavu wanahimizwa kuomba." Kuuandika hakugharimu kitu. Ukitaka kujua kama mwajiri anamaanisha, muulize yuko tayari kubadilisha nini pale kijana asiyeona au kiziwi atakapopita usaili. Jibu lake ndilo linaloitwa marekebisho stahiki.

Kwa lugha nyepesi, ni mabadiliko anayofanyiwa mtu mmoja, kulingana na hali yake na kazi yake, ili afanye kazi sawa na wenzake, ilimradi mabadiliko hayo yasimtwishe mwajiri mzigo uliopita kiasi. Maana hii inatoka Ibara ya 2 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa Desemba 2006. Kenya iliuridhia mwaka 2008, Tanzania mwaka 2009. Ibara hiyohiyo inasema jambo ambalo maofisa rasilimali watu wengi hulipita haraka: kumnyima mtu marekebisho hayo ni ubaguzi. Anayeyaomba haombi msaada.

Usiyachanganye na ufikivu. Ufikivu hutayarishwa mapema, kwa ajili ya kila mtu, hata kabla hajajulikana nani atakuja. Vituo vya mabasi ya mwendokasi vya Dar es Salaam, vilivyoanza kutumika mwaka 2016, vilijengwa na njia za mteremko na majukwaa yaliyo usawa wa mlango wa basi. Mwenye kiti mwendo hahitaji kumwomba mtu ruhusa. Marekebisho stahiki huanza pale mtu fulani anaposema, "Mimi nahitaji hiki." Ofisi inaweza kuwa na mteremko mzuri mlangoni na bado ikamkwamisha mfanyakazi mwenye uoni hafifu kwa sababu kila fomu imechapwa kwa herufi ndogo.

Mara nyingi kinachohitajika ni kidogo hadi mtu anashangaa. Chukua kijana kiziwi aliyeomba kazi. Ofisi inampigia simu kumwita kwenye usaili, hapokei, inapiga tena, kisha jina lake linakatwa: "hapatikani". Ujumbe mfupi wa maandishi ungetosha. Siku ya usaili atahitaji mkalimani wa lugha ya alama, na hapo kweli kuna malipo, ila ni ya saa chache. Akiajiriwa karakana, king'ora cha hatari kiunganishwe na taa inayowaka. Asiyeona anayetumia kompyuta anahitaji programu ya kusoma skrini kwa sauti, na mojawapo, iitwayo NVDA, inapakuliwa bure. Mwenye ualbino aliyepangiwa kuuza nje juani apangiwe ndani, au saa zisizo za jua kali.

Sheria nazo zimeweka viwango vya idadi. Tanzania, Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na zaidi awe na asilimia 3 ya watu wenye ulemavu. (Piga hesabu: asilimia 3 ya 20 haifiki hata mtu mmoja, inabidi ufike wafanyakazi 34 ndipo apatikane mmoja kamili.) Kenya, Ibara ya 54 ya Katiba ya 2010 inataja asilimia 5 katika nafasi za umma za kuchaguliwa na kuteuliwa, zifikiwe hatua kwa hatua. Asilimia inaeleza wangapi wameingia. Haielezi kama walipewa kazi ya maana, au walikalishwa mapokezi kujazia takwimu.

Vijana ndio wanaoumia zaidi hapa, na sababu iko wazi. Mfanyakazi wa miaka mingi ana chama cha wafanyakazi na ana wenzake wa kumtetea. Kijana yuko kwenye majaribio, au ameomba field (mafunzo kwa vitendo) ya miezi mitatu, na anaogopa kuonekana msumbufu. Mwenye kifafa hunyamaza kabisa. Kwa hiyo wanaosimamia miradi ya ajira kwa vijana wasisubiri aombe. Fomu ya kujiunga iulize anahitaji nini, na bajeti iwe na fungu la wakalimani na vifaa saidizi tangu mwanzo. Fungu hilo likiachwa hadi katikati ya mradi, kwa kawaida fedha zimeshakwisha.

Mzigo uliopita kiasi hupimwa kwa uwezo wa mwajiri. Benki ikikataa kununua kifaa cha nukta nundu, maandishi ya kupapasa ya wasioona, haitaeleweka kirahisi. Mwenye duka ghorofa ya nne Kariakoo, jengo halina lifti, hawezi kulazimishwa kujenga lifti, lakini anaweza kuulizwa kama kazi ya hesabu inaweza kufanyika chini au nyumbani. Pia mwajiri halazimiki kufuta majukumu ya msingi: mhasibu bado atafunga hesabu, fundi bado atashona.

Ombi liandikwe, hata kwa barua pepe fupi, na nakala itunzwe. Mfanyakazi akikataliwa bila sababu Tanzania Bara, mlango wa kwanza nje ya ofisi ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Mgogoro usiohusu kuachishwa kazi hupelekwa huko ndani ya siku 60, na huanzia kwenye usuluhishi.