Kuhakiki mtiririko wa kazi: maana yake nini?

Tuchukue depo ya simenti hapa Lubumbashi. Mteja anaandikiwa fakitiri ya mifuko 200. Analipa taslimu kwa keshia, au anatuma pesa kwa simu na mhasibu anathibitisha. Kisha inaandikwa karatasi ya kutoka, lori linapakia. Mpangilio huo, nani anamfuata nani na kipi kinangoja kipi, ndio mtiririko wa kazi. Kuuchora kwa alama zinazoeleweka na wote ni kuuundia modeli. Alama zilizoenea ni za BPMN, lugha ya kuchora mitiririko ya kazi, ambayo toleo lake la 2.0 lilitoka mwaka 2011: mstatili ni kazi, almasi ni njia panda.

Balaa hukaa kwenye njia panda. Almasi yenye X inasema "njia moja tu". Yenye + inasema "njia zote". Sasa bosi anaagiza kwamba karatasi ya kutoka isitolewe mpaka keshia na mhasibu watie sahihi wote wawili. Mteja amelipa kwa simu. Keshia hajaona pesa, atie sahihi ya nini? Shofere anashinda kwenye jua, na hakuna aliyekosea. Kilichokosea ni mchoro: ulifunguliwa kwa X pale njia zinapogawanyika, ukafungwa kwa + pale zinapokutana tena. Huo ni mkwamo.

Kinyume chake ni kibaya zaidi. Fungua kwa +, funga kwa X: nakala moja inakwenda kwa keshia, nyingine kwa mtunza stoo, na kila inayorudi inatoa ruhusa ya kupakia. Fakitiri ya mifuko 200 inatoa 400.

Kuhakiki ni kuthibitisha, kabla kazi haijaanza, kwamba mambo kama hayo hayawezi kutokea. Kujaribu mara mbili tatu hakutoshi. Kazi 10 zinazokwenda sambamba, kila moja ikiwa imekwisha au bado, zinaleta hali 1,024. Nani atazijaribu zote kwa mkono?

Njia ya kuhakiki ilitoka kwa Mjerumani Carl Adam Petri, katika tasnifu yake ya mwaka 1962. Katika mchoro wake, unaoitwa wavu wa Petri, kuna vituo, hatua, na kete zinazohama kutoka kituo hadi kituo, karibu kama mbegu za kisolo, bao la huku kwetu. Miaka ya 1990 Mholanzi Wil van der Aalst aliutumia kueleza mtiririko ulio mzima: weka kete moja mwanzoni, popote mchezo utakapofika, njia ya kufika mwisho iwepo bado, kete ikifika mwisho, isibaki nyingine nyuma, wala pasiwe na hatua isiyoweza kufikiwa kamwe. Kompyuta hukagua hayo yenyewe. Kama keshia ni mwizi, au simenti inauzwa kwa hasara, haitakuambia.

Depo yetu inapona kwa kufunga kwa X: sahihi ya aliyepokea pesa inatosha. Lakini huku kwetu mtu hulipa nusu kwa dola mkononi, nusu kwa simu. Hapo inahitajika almasi ya tatu, yenye mduara, inayongoja zile njia zilizoanza tu. Hiyo ndiyo inayowasumbua wahakiki: ili kujua kama ingoje au ipitishe, lazima utazame mchoro wote, si mishale inayoingia pale peke yake.