Upimaji wa kemikali mwilini: maana yake, na kwa nini namba moja haitoshi

Ukipima hewa ya chumba, maji ya kunywa au losheni, unajua kilichopo nje ya mwili. Upimaji wa kemikali mwilini hutafuta jambo jingine: ni kiasi gani kimeshaingia, kwa kupumua, kwa chakula na kupitia ngozi, vyote kwa pamoja. Jibu hutafutwa kwenye damu, mkojo, nywele au maziwa ya mama. Kinachopimwa ni kemikali yenyewe, au kile inachogeuka kuwa baada ya kuvunjwavunjwa na mwili.

Jambo la kwanza kujua ni muda ambao kemikali hukaa mwilini. Bisfenoli A, inayotumika kutengeneza baadhi ya plastiki ngumu, hupungua kwa nusu ndani ya saa chache tu, na hutoka kwa mkojo. Baadhi ya kemikali za PFAS, zinazotumika kuzuia maji na mafuta yasinate kwenye vitambaa na vyombo, huchukua miaka kadhaa kupungua kwa nusu. Risasi, madini yale yaliyokuwa kwenye rangi na petroli, hupungua kwa nusu kwenye damu kwa takriban mwezi mmoja, lakini ile iliyojificha mifupani hukaa miongo. Kwa hiyo mkojo wa leo unaeleza bisfenoli ya jana na leo, basi. Utafiti unaochukua sampuli moja kwa mtu kisha ukatangaza kwamba kemikali ya aina hiyo haina madhara umejenga juu ya mchanga, kwa sababu kubahatisha kiasi kilichoingia hufifisha uhusiano kati ya kemikali na ugonjwa ambao huenda upo. Zinahitajika sampuli kadhaa za siku tofauti.

Mkojo una tatizo lake jingine: aliyekunywa maji mengi ana mkojo mwepesi. Kwa hiyo kemikali hulinganishwa na kreatinini, taka ambayo mwili huitoa kwenye mkojo kwa kiasi kinachokaribiana kila siku. Tuseme watu wawili wana mikrogramu 10 za kemikali kwa lita ya mkojo. Wa kwanza ana gramu 0.5 za kreatinini kwa lita, wa pili gramu 2. Ukigawanya, wa kwanza ana mikrogramu 20 kwa kila gramu ya kreatinini, wa pili 5. Namba zilizolingana kumbe zimepishana mara nne. Hata hivyo kreatinini hutokana na misuli, hivyo mtoto au mzee huonekana na kiwango kikubwa kuliko hali halisi. Kwao uzito wa mkojo ukilinganishwa na maji ni rekebisho linalofaa zaidi.

Makosa mengi huanzia kwenye uchukuaji wa sampuli. Damu ya kidoleni kwa ajili ya risasi ni mfano mzuri: vumbi kidogo kwenye ngozi linatosha kupandisha jibu. Mikono ioshwe kwa sabuni na maji, kidole kisiguse kitu tena, kisafishwe kwa spiriti na kuachwa kikauke, tone la kwanza lifutwe. Jibu likiwa juu, hurudiwa kwa damu ya mshipa kabla ya kumtia mzazi hofu. Ftaleti, zinazolainisha plastiki, ziko hata kwenye vifaa vya maabara, ndiyo maana kwenye mkojo hupimwa kile ambacho mwili umezigeuza kuwa, si ftaleti zenyewe. Nywele kwa ajili ya zebaki hukatwa karibu kabisa na ngozi, nyuma ya kichwa, na upande wa ngozi huwekwa alama. Nywele hukua takriban sentimita 1 kwa mwezi, hivyo sentimita 3 za kwanza zinasimulia miezi mitatu iliyopita. Zikichanganywa ncha na mizizi, historia hiyo imepotea.

Tukija kwenye afya, namba husomwa vibaya mara nyingi. Marekani imetumia mikrogramu 3.5 za risasi kwa desilita (sehemu ya kumi ya lita) ya damu kama kiwango cha marejeo kwa watoto tangu 2021. Si mpaka wa usalama. Ni kiwango ambacho asilimia 2.5 tu ya watoto wa miaka 1 hadi 5 nchini humo walikivuka, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Ujerumani, kwa kemikali kadhaa, ina pia viwango vilivyokokotolewa kutokana na madhara yenyewe, na hivyo ndivyo vinavyomsaidia daktari kuamua.

Kuna mtego mwingine hapa: ugonjwa wenyewe unaweza kubadilisha kipimo. Figo zikidhoofika, baadhi ya PFAS huenda zisitoke kama kawaida na damu ikaonyesha kiwango kikubwa, hata kama mgonjwa hakukutana nazo zaidi kuliko jirani yake. Ndiyo sababu watafiti huchukua damu watu wakiwa bado wazima, wakaihifadhi kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri, wakasubiri miaka kuona nani ataugua, kisha ndipo wakafungua chupa na kupima.