Kawaida ni ipi khasa, na mbona kila mtu ana shaka na ya kwao?

Kuna suali watu hawaliulizi barazani hata siku moja, wanaliuliza usiku taa zishazimwa simu ipo usoni: hivi haya tunayoyafanya kwetu na wenzetu wanayafanya au ni sisi tu? Mmoja anashangaa mbona friza la kwao lina makopo ya aiskrimu na hakuna hata moja lenye aiskrimu, hili pweza, hili nazi ilokwisha kunwa, na watoto bado wanafungua kila siku kwa matumaini yaleyale. Mwengine usingizi haumjii mpaka arudi jikoni akaishike koki ya mtungi wa gesi kwa mkono, kuiona tu haitoshi. Mwengine anakula wali kwa mpango, mchuzi upande wake, samaki wa mwisho, na akikuta mtu kamchanganyia hamu yote imekwisha. Wote hawa wanachotaka kujua ni kimoja, mie niko sawa kweli?

Tabu ni kwamba hilo suali moja ndani yake mna matatu na mtu anayachanganya bila kujua. La kwanza ni hesabu, wanaofanya ni wengi au wachache. La pili ni lawama, nikionekana watasema? La tatu ni madhara, yaani kuna anaeumia, mie mwenyewe au wa nyumbani kwangu. Watu wanayachukulia kama yanakwenda pamoja, kwamba kama wengi hawafanyi basi ni aibu na kama ni aibu basi una maradhi. Wala hayaendi pamoja. Chukua chai, vijiko vinne vya sukari kikombe kimoja, wanaofanya wamejaa Zanzibar nzima, Ng'ambo mpaka Chake, hakuna anaekulaumu, ukitia kimoja ndo utaulizwa unaumwa nini, na mwilini hakuna jema inalofanya. Chukua kufagia usiku. Siku hizi taa zipo watu wanafagia saa tatu usiku wala hawafikiri, lakini jaribu mbele ya bibi uone, utaambiwa unafukuza riziki, na hapo hakuna aliyedhurika. Kuongea peke yako unapopika ndo usiseme, hakuna atakaekubali kuwa anafanya, lakini pita nyuma ya madirisha ya majiko saa tano asubuhi usikilize kitunguu kinavyogombezwa.

Sasa mbona hatujui ya wenzetu wakati tunaishi ukuta kwa ukuta? Manake nyumba zetu toka zamani zimejengwa ndani kusionekane. Angalia nyumba za Mji Mkongwe, baraza iko nje, hapo ndo pa mazungumzo na kahawa na mgeni wa kupita, af mlango mzito, af ndani ndo ndani. Mtu anapiga hodi mara tatu, asipoitikiwa anarudi zake, hiyo ni adabu na kila mtoto amefunzwa. Hata nyumba za juzi za Fuoni na Kwarara, mgeni akiingia anaona makochi, pazia, kabati la vyombo visivyotumika, harufu ya udi. Haoni droo yenye vifuniko ambavyo makopo yake yalishatupwa zamani. Haoni kwamba baba mwenye nyumba ana kikombe chake na akikikuta kimetumiwa hanywi chai siku ile. Kwa hiyo wewe unachofanya ni kuchukua jiko lako ukalilinganisha na sebule ya jirani, na hapo hutoshinda hata siku moja.

Pahala pa kujulia ya watu ni pachache. Msibani, manake wanawake wanalala pale, mikeka imetandikwa, na mtu akishalala na wenzake siku mbili tatu hana cha kuficha. Dakhalia, yaani bweni la skuli. Mtoto wa Wete ameletwa skuli Unguja, asubuhi anakunja chandarua chake mikunjo minne kama anakunja kanga mpya, anageuka anawaona wenzake wamekifunga fundo tu kikaning'inia, na mpaka siku ile hakujua kuwa duniani kuna watu wanafunga fundo. Wao nao hawakujua kuwa kuna wanaokunja. Na kubwa kuliko yote ni ndoa. Bwana kakulia nyumba yenye taulo moja limetundikwa nyuma ya mlango wa choo, anaetoka kuoga anajifutia hilohilo, bibi katoka kwao kila mtu ana lake na alama lina, hebu fikiria siku ya kwanza. Somo anamfunza mwali mambo mengi kwenye fungate, lakini hakuna somo anaejua kuwa mwanamme yule hawezi kulala bila redio kuongea usiku kucha, hilo atalikuta mwenyewe.

Hali hii ya kila mmoja kujiona yuko peke yake kwenye jambo ambalo wote wanalo, wataalamu wa saikolojia wanaijua muda mrefu. Marekani mwaka 1931 Daniel Katz na Floyd Allport waliiandika wakaipa na jina, na maana yake kwa maneno mepesi ni kwamba watu wako pamoja, kila mmoja moyoni ana lake, lakini kwa vile hakuna anaelisema kila mmoja anaamini wenzake hawako hivyo. Mfano utaujua, mwalimu anauliza "mumefahamu?" darasa zima halijafahamu, hakuna anaenyanyua mkono, kila mtoto anajiona mjinga ni yeye tu.

Af kuna upande wa pili ambao ni kinyume chake kabisa na wote tunao. Kwenye mambo ambayo hatuyaonei haya, tunaamini kila mtu anafanya kama sisi. Mwaka 1977 Lee Ross na wenzake, huko huko Marekani, waliwaomba wanafunzi wa chuo wavae bango kubwa kifuani na mgongoni la kutangaza mkahawa wazunguke nalo chuoni. Waliokubali walikisia kuwa 62% ya wenzao wangekubali. Waliokataa nao wakakisia 67% wangekataa. Yaani kila upande unaona kuwa wengi wako kwake na yule mwengine ndo wa ajabu. Hapa ndo ugomvi wa majumbani unapotoka, khasa kwa wakwe. Mama mkwe hasemi "sisi kwetu mchele tunaosha mara nne", anasema "mchele unaoshwa mara nne", kama kwamba ni sheria imeandikwa pahala, na mwali wa watu alieosha mara mbili maisha yake yote anaonekana mchafu.

Na huyo mtu wa katikati ambae kila mtu anajipima nae, kwanza yupo? Jeshi la anga la Marekani miaka ya mwanzo ya 1950 lilitaka kutengeneza kiti cha ndege cha kumfaa rubani wa wastani, kijana mmoja akiitwa Gilbert Daniels akachukua vipimo vya marubani 4,063, akaangalia vipimo kumi vya mwili, urefu, kifua, mikono na kadhalika, akatafuta rubani ambae vyote kumi viko katikati. Hakupata hata mmoja. Na hapo ni mwili tu, bado hatujafika kwenye namna ya kukunja chandarua.

Jambo jengine tunalolisahau ni kwamba mazoea mengi ya nyumbani yana sababu yake, ila sababu imepita mazoea yakabaki. Wazee waliopitia foleni za chakula za miaka ya mwanzo ya 1970, usiwashangae wanapokataa kumwaga kiporo cha wali hata kiwe kijiko kimoja. Au mama ambae ndoo zake zote zimejaa maji na mfereji unatoka vizuri tu, kila simu ya nyumba imechajiwa mpaka juu, mishumaa iko kabatini ya kuuza duka. Huyo muulize alikuwa wapi Disemba 2009 mpaka Machi 2010, pale umeme unaokuja kutoka Bara chini ya bahari ulipokatika, Unguja nzima kiza miezi kama mitatu, na pampu za maji nazo zinataka umeme kwa hiyo maji nayo yakawa ya kusaka. (Pemba hawakuwemo, wao wakati ule umeme ulikuwa wa majenereta na shida zao zilikuwa nyengine, waya wao kutoka upande wa Tanga ulifika 2010.) Mtoto alozaliwa 2012 anamuona mama ana jambo lake, kumbe mama ana kumbukumbu.

Na kawaida yenyewe inageuka upesi kuliko tunavyodhani. 1995 khofu ya Popobawa, yule jini aliyesemwa anawavamia watu usiku vitandani, ilipoanzia Pemba ikavuka mpaka Unguja, watu walikuwa wanatoka majumbani wanalala nje familia kwa familia, moto umekokwa, na usiku ule alielala chumbani peke yake ndo alieonekana ana kasoro. Khofu ikapoa, watu wakarudi vitandani, na sasa ukimkuta jirani kalala uwanjani utampigia simu kaka'ake.

Ndo maana mie siziamini sana zile orodha za mitandaoni za "dalili kumi kuwa hauko sawa". Mwaka 2010 Joseph Henrich na wenzake walionesha kuwa watu waliofanyiwa utafiti kwenye majarida makubwa ya saikolojia 96% walitoka nchi za Magharibi zenye viwanda, ambazo zina kama 12% tu ya watu wa dunia. Kwa hiyo unasoma kuwa mtu mzima kuishi na mama yake ni tatizo, au kula sahani moja na wenzako ni kukosa mipaka, na wewe umetoka sasa hivi kwenye sinia ya watu watano. Huna tatizo, umejipima kwa kipimo cha watu wengine.

Lakini lipo ambalo si la kuchekea, nalo ni waswasi. Utamuona mtu kwenye birika la msikiti anaosha mkono, anauosha tena, mara ya tano, ya saba, anasimama, hajaridhika, anarudi mwanzo na nia yake. Imamu kasharukuu yeye bado takbiri inakataa kumalizika, "Allahu ak... Allahu ak...". Watu nyuma wanadhani ana khofu sana ya Mungu. Mafakihi wenyewe walishalimaliza hili, kuosha mara tatu ndo sunna, kwa Shafii kuzidisha ni makuruhu, na kanuni inasema yakini haiondoki kwa shaka, yaani ukishajua umetawadha huko kujiuliza-uliza hakukutoi kwenye udhu. Na mwenyewe anayajua haya, pengine kuliko wewe. Hayamsaidii, manake shida yake haiko kwenye elimu.

Madaktari nao wanakiita kitu hichohicho ugonjwa, na wanao mstari unaofahamika: mawazo yanayojirudia ambayo mtu hayataki, na vitendo anavyoona lazima avifanye ili atulie, vikala zaidi ya saa moja kwa siku au vikamharibia kazi, usingizi, ibada, au maisha na watu wake. Kwa hiyo yule wa koki ya gesi anaerudi mara moja akalala, huyo ana tabia yake tu, wala si mbaya gesi ni gesi. Lakini anaeshuka daladala Darajani akarudi mpaka Mwanakwerekwe kutazama kufuli, na kesho tena, na kazini washamuonya, huyo hafanyi kwa kupenda, anajua fika kuwa kufuli limefungwa na bado miguu inarudi. Dawa ipo. Kuna tiba ya kuzoezwa pole pole kukaa na ile shaka bila ya kuitii, unashika koki mara moja unaondoka na moyo unadunda mpaka unadunda vya kutosha unatulia wenyewe, na kuna vidonge pia. Watu wa nyumbani kwa huruma wanamwambia kila saa "nishaangalia mwanangu, nimefunga", wanadhani wanamsaidia, kumbe ile ndo inaulisha waswasi, kesho ataulizia mara mbili zaidi. Kinachowazuia wengi kwenda ni kuwa ukitaja daktari wa akili tu mtu anaiona hospitali ya akili ya Kidongo Chekundu mbele yake na mtaa mzima umejua.

Na lile suali la madhara lisiishie kwako wewe mwenye tabia. Baba wa kikombe, akinuna kidogo na kunywa maji badala ya chai yale ni yake, watu watamcheka pembeni. Ila kama watoto wanasikia gari yake wanaanza kukimbizana kutafuta kikombe kiko wapi, hiyo si tabia ya kuchekesha tena hata kama mitaa yote ya Unguja ina baba kama huyo.

Ukitaka kujua yenu yakoje usimuulize mama wala ndugu zako, wao wamo humohumo hawaoni kitu. Muulize wifi, yule alieolewa na kaka'ako akaja akakaa kwenu mwezi mzima kabla hawajapata nyumba yao. Muite jikoni, mkae wawili, mwambie leo sema tu sitokasirika. Anayo yote, kuanzia makopo ya aiskrimu.