Vibao vya historia kando ya barabara Marekani: watu wanavyodhani na ilivyo kweli

Ukiendesha gari Marekani, hasa Virginia, Kentucky au Pennsylvania, haupiti muda hujakutana na kibao cha chuma kando ya barabara, hapa alizaliwa fulani, hapa palikuwa na ngome. Watu wanasoma, wanapiga picha, wanaondoka wameamini yote.

Dhana kubwa kuliko zote: kibanda unachoonyeshwa ndicho chenyewe. Nenda Hodgenville, Kentucky. Kwamba Abraham Lincoln alizaliwa maeneo hayo 1809 kwenye kibanda cha magogo, hilo halina ubishi, ila kile kilichowekwa pale ndani ya jengo la kumbukumbu, la mawe lenye nguzo, sio chenyewe. Miaka ya 1890 mfanyabiashara mmoja alinunua shamba la kina Lincoln, akanunua na kibanda cha jirani akakisimamisha pale, baadaye kikabomolewa kikawa kinazungushwa kwenye maonyesho pamoja na kibanda kingine kilichosemekana ni cha Jefferson Davis, yaani yule yule aliyeongoza majimbo ya Kusini yaliyojitenga yakapigana na Lincoln! Magogo yakachanganyika humo humo. Jengo hilo la kumbukumbu lilipojengwa, 1909 mpaka 1911, ikaonekana kibanda kikubwa mno watu hawataweza kukizunguka, basi wakakipunguza. Mwaka 2004 wataalamu wakapima pete za miti, yaani ile mistari ya kila mwaka ndani ya gogo, gogo la zamani kabisa likaonekana ni la 1848, na 1848 Lincoln tayari ni mbunge yuko Washington. Siku hizi wasimamizi wa hifadhi wenyewe wanasema ni kibanda cha ishara tu, afadhali wamekubali.

Dhana nyingine: Waingereza walipofika tu walijenga nyumba za magogo. Hapana, wale wa Plymouth 1620 walijenga kwa fremu na mbao. Ujenzi wa magogo uliingia na Waswidi na Wafini waliofika bonde la Delaware kuanzia 1638, wenzetu wa misitu ya baridi.

Na eti kila mwanasiasa wa zamani alitoka kibandani. Hii siasa ilinoga sana 1840, William Henry Harrison, mgombea urais, akauzwa kwa wapiga kura kama mtu wa kibanda cha magogo, kumbe kazaliwa Berkeley, Virginia, jumba la matofali, shamba kubwa la watumwa, na baba yake ni miongoni mwa waliosaini Azimio la Uhuru. Hata Vincennes, Indiana, alipokuwa gavana, alijijengea jumba la matofali, bado lipo ukalione.

Halafu wengi wanadhani serikali ndiyo imeandika na kulipa kila kibao. Virginia ilianza kusimika vyake 1927 kando ya barabara ya U.S. 1, lakini siku hizi mara nyingi wanaoomba na kulipia ni vikundi vya wenyeji, makanisa, familia. New York kuna mfuko wa William G. Pomeroy unalipia tangu 2006, na wao wanadai nyaraka za wakati husika kwanza, jambo ambalo zamani halikusisitizwa hivyo, ndiyo maana cheki mwaka kiliposimikwa, ulioandikwa chini ya kibao, kabla hujabishana na mtu.

La mwisho, nyumba yenye kibao sio lazima iwe inalindwa. Hata ikiwa kwenye orodha ya taifa ya maeneo ya kihistoria, mwenye nyumba anayetumia hela zake, sio za serikali kuu, anaweza kuibomoa, labda sheria za mji wake zimkataze.